Msaada: mikanda ya filamu ya marehemu baba, naihamishaje kuwa ya kidijitali?

Mwambao_Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Marehemu baba alikuwa baharia. Miaka ya 70, katika safari zake za Ulaya, alinunua kamera ndogo ya filamu ya kushika mkononi, na kila akirudi likizo Tanga alikuwa haiachi. Alipiga Idi, harusi za mtaani, meli zilizotia nanga, sisi watoto tukijifunza kuogelea Raskazone. Wiki hii tumefungua sanduku lake. Kuna rili ndogo za plastiki kama 20, nyingi zikiwa kwenye viboksi vya njano vya Kodak, zimejazana ndani ya kopo la biskuti. Kuna rili moja kubwa ya bati. Kuna pia kikasha cheusi cha plastiki ambacho hakifunguki, filamu inachungulia kidogo ubavuni. Rili mbili tatu zinanuka siki. Projekta yake ipo, ila haijawashwa tangu alipofariki.

Mama yupo, umri umekwenda lakini macho bado yanaona, na ndiye pekee aliyebaki anayewajua watu wote waliomo. Nataka azione.

Kuna jambo moja ambalo naomba mlizingatie mnaponishauri. Baba alimfundisha mama kupiga filamu, na siku ya singo ya shangazi (sherehe ya wanawake ya kumsinga bibi harusi) ni mama aliyeshika kamera. Humo wamo wanawake wako uani, vichwa wazi, wanacheza. Mama hataki mwanamume asiye wa familia akae kuitazama hiyo. Sharti lake nalikubali moja kwa moja, kwa hiyo msiniambie nimbembeleze.

Naombeni ushauri: nianzie wapi, ninunue mashine mwenyewe au nipeleke kwa wataalamu, na hizo zenye harufu nizifanyeje?

Kkoo_Vifaa

Pole kwa kufiwa na mzee mkuu. Njia rahisi ni kuwasha projekta, unatandika shuka jeupe ukutani, simu unaiweka kwenye stendi, unarekodi. Hakuna gharama na picha inaonekana. Kama projekta haiwaki, mafundi wa zamani bado wapo.

FundiMikanda

Mwambao, tafadhali usiiwashe hiyo projekta. Ndugu yangu Kkoo ameshauri kwa nia njema, lakini kwa filamu ya miaka hamsini ushauri huo unaweza kuimaliza.

Ndani ya projekta kuna kijino kinachoingia kwenye matundu ya filamu na kuivuta picha moja baada ya nyingine, mara 18 kwa sekunde. Filamu iliyozeeka husinyaa, matundu yakawa hayalingani tena na kijino, na hapo yanachanika mfululizo kabla hujafika swichi. Mikanda ya mpira ya projekta nayo huwa imekwisha kuoza. Ikikwama huku taa inawaka, picha iliyo mbele ya taa inayeyuka. Na hata ikipita salama, simu na projekta haziendi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo unapata picha inayopepesa, katikati inang'aa, pembeni kuna giza. Mama atawaona watu wake kama kivuli.

Kinachotakiwa ni kuskani fremu kwa fremu: kila picha inapigwa peke yake, kwa mwanga baridi, kisha kompyuta inaziunga.

Kwanza jua una nini. Super 8 ilitoka mwaka 1965, na kabla yake kulikuwa na milimita 8 ya kawaida iliyoanza 1932. Upana wake ni mmoja lakini matundu yanatofautiana. Fungua sentimita chache za mwanzo, shika filamu kwa kingo tu, elekeza kwenye mwanga. Matundu madogo yaliyokaa katikati ya ubavu wa kila picha ni Super 8. Matundu makubwa yaliyokaa mpakani kati ya picha na picha ni ile ya kawaida. Hiyo rili ya bati pima kwa rula. Huenda baba aliunganisha filamu ndogo ndogo akapata moja ndefu, au ni milimita 16. Angalia pia kama kuna mstari wa kahawia ukingoni. Huo ni wa sauti, Kodak walianza kuuza filamu za Super 8 zenye sauti mwaka 1973. Ukiukuta, mwambie yeyote utakayempa kazi, kwa sababu mashine nyingi za bei nafuu haziisomi sauti kabisa.

Rili moja ndogo ni futi 50, karibu mita 15. Kwa Super 8 ni dakika 3 na sekunde 20. Kwa hiyo una kama saa moja na kidogo ya maisha ya Tanga ya wakati ule. Ni hazina kubwa hiyo.

Viboksi vya njano usivitupe. Wakati ule Ulaya Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, iliuzwa bei ikiwa pamoja na kusafishwa, yaani kutolewa picha kwa dawa: unaiposti maabara ya Kodak, nayo inakurudia kwa posta. Mhuri wa posta na maandishi ya baba kwenye kiboksi ndiyo kumbukumbu ya tarehe. Pembeni mwa filamu yenyewe Kodak walichapa alama ndogo za duara, mraba na pembetatu zinazoonyesha mwaka wa kutengenezwa, ila zilikuwa zikijirudia baada ya miaka 20, kwa hiyo zisome pamoja na mhuri.

Kilindini77

Hiyo harufu ya siki isije ikawa zile filamu zinazolipuka? Nilisikia sinema za zamani zilikuwa zikiungua zenyewe.

FundiMikanda

Hizo ni za nitrati, plastiki inayoshika moto upesi, zilikuwa za majumba ya sinema, milimita 35. Filamu za nyumbani za milimita 8 hazikutengenezwa kwa nitrati. Za Mwambao ni za asetati, plastiki nyingine. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu, na Tanga vyote viwili vipo mwaka mzima, inaanza kuoza na kutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Kibaya ni kwamba mvuke wa asidi hiyo unaharakisha uozo wenyewe na unaambukiza rili za jirani. Kopo la biskuti lililofungwa ndilo linaloutunza mvuke ndani.

Kwa hiyo leo hii, Mwambao, kabla hujaamua lolote jingine: zitoe zote kwenye kopo, zenye harufu weka chumba kingine kabisa. Ziwe kwenye maboksi ya karatasi yanayopitisha hewa, mahali penye ubaridi kidogo, mbali na dari na sakafu. Ukiona ukungu usitumie maji wala kitambaa kibichi, kwa sababu ukungu unaifanya ile tabaka ya picha iyeyuke kwenye maji. Zilizooza ndizo zitangulie kuskaniwa, maana uozo huo haurudi nyuma.

Zinjibari

Assalaam alaykum. Mimi naongelea kile kikasha cheusi. Hicho ni kaseti ya Super 8 ambayo haijasafishwa, usikivunje kutazama ndani. Angalia kile kipande cha filamu kinachochungulia. Kama kimechapwa neno EXPOSED, ina maana baba aliipiga yote mpaka mwisho, ikabaki tu kupelekwa maabara.

Soma jina la filamu kwenye kaseti. Ikiwa ni Kodachrome, rangi hutozipata. Maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa Desemba 2010. Zipo maabara zinazoisafisha ikatoka nyeusi na nyeupe, na baada ya miaka yote hii matokeo hayana uhakika, lakini mimi ningejaribu. Huenda ndiyo likizo yake ya mwisho na kamera ile.

Ikisafiri kwa ndege, kaseti hii isipite kwenye eksirei, omba ikaguliwe kwa mkono. Zile zilizokwisha kusafishwa hazidhuriki na eksirei.

MamaWawili_Mwanza

Samahani naingilia uzi. Sisi tuna kanda za VHS za harusi, deki imekufa. Ni mambo haya haya?

FundiMikanda

Hapana dada, hizo ni za sumaku, hazina picha za kushika kwenye mwanga. Unahitaji deki nzima na kifaa cha kuingiza video kwenye kompyuta. Lakini usichelewe, kwani deki nzuri zinazidi kuadimika. Fungua uzi wake, nitakuja.

Bint_Ngamiani

Mwambao, mshukuru mama yako kwa kulisema waziwazi. Familia nyingi za pwani mikanda ya namna hii imechomwa kimyakimya kwa sababu hakuna aliyeuliza nani ataitazama. Wenye kuchoma hawakuwa na ubaya, walikuwa wakilinda heshima ya watu. Kwa hiyo ushauri wowote wa kiufundi unaopita juu ya sharti lake hautoshi.

Mimi ningezigawa rili mafungu mawili, na mama ndiye agawe. Inawezekana bila projekta: kioo cha kukuzia na taa nyeupe, anaangalia picha za mwanzo za kila rili. Atazitambua. Za bandari, Idi na watoto ziende kwa wataalamu. Za uani zibaki nyumbani. Kuna mashine ndogo za kuskani milimita 8, kama Wolverine na Kodak Reels, bei yake ni kama dola mia tatu hadi mia nne. Zinakwenda kama fremu mbili kwa sekunde, rili ndogo yenye fremu 3,600 inachukua nusu saa. Ubora wake haufikii wa maabara, kwenye vivuli picha inamezwa kidogo, lakini binti wa nyumbani anaweza kuiendesha chumbani mlango umefungwa.

Na faili za fungu hilo zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hata kwa dakika moja.

Kkoo_Vifaa

Nimeelewa, FundiMikanda, asante kwa elimu. Naongeza la upande wangu: hizo mashine ndogo nyingi zinatoa faili ya MP4 ya fremu 20 kwa sekunde. Filamu ilipigwa kwa 16 au 18. Irudishe mwendo wake kwenye programu ya kuhariri, la sivyo watu wote wanatembea mbiombio. Kuna programu za bure zinazofanya hivyo.

Leicester_Mswahili

Niko Uingereza, huku maabara za kazi hii ni nyingi na bei wanatoza kwa urefu wa filamu au kwa rili. Kabla ya kulipa waulize haya: wanaskani fremu kwa fremu au wanarekodi kutoka ukutani, mwendo wa asili wanauacha ulivyo, utapewa faili gani. Usikubali DVD peke yake. DVD inaibana picha mpaka pikseli (nukta za picha) 720 kwa 576, na ukitaka kurekebisha rangi baadaye huna pa kushika. Omba faili kubwa ya ProRes kwa ajili ya kuhifadhi, saa moja inaweza kufika makumi ya GB, na MP4 kwa ajili ya kutazama. Kwa milimita 8, ubora wa 2K (picha yenye upana wa nukta kama 2,000) unatosha. Na sharti la msingi, filamu zenyewe zirudi zote. Ni nakala bora kuliko faili yoyote, na Kodachrome ikitunzwa gizani rangi yake hudumu sana.

Faili ziwe nakala tatu: diski mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Jembe_la_Kale

Kama filamu hazina sauti, basi sauti ni mama yako. Mkishapata MP4, mketishe mbele ya runinga, weka simu irekodi kila anachosema, na usimkatize. Huyu ni nani, nyumba hii ilikuwa ya nani, kanga ile ilikuwa ikisema nini. Halafu rudieni siku nyingine, kwa sababu mara ya kwanza atalia tu. Sisi tulikuwa na picha safi kabisa za babu, na nusu ya watu waliomo hakuna anayewajua.

Mwambao_Tanga

Wakuu, Mwenyezi Mungu awalipe. Kopo la biskuti limetolewa, rili ziko kwenye maboksi vyumba viwili. Zote ndogo ni Super 8, ile ya bati ni milimita 8 pia, baba aliunganisha. Haina mstari wa sauti. Kaseti nyeusi ina neno EXPOSED na ni Kodachrome. Binamu yangu wa kike anakuja Desemba kutoka Uingereza, ataondoka na fungu la kwanza na kaseti.

Mama amegawa mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Tatizo ni kwamba rili ya singo ni mojawapo ya zile zenye siki. Je, mashine ndogo itaiweza?

FundiMikanda

Usiipitishe kabla ya kuipima. Chukua rili nzima isiyo na harufu, hesabu matundu 100 kutoka alama moja, ni kama sentimita 42. Ilaze sambamba na ile ya singo, tundu la kwanza kwa la kwanza, bila kuvuta. Kama kufikia la 100 zimeachana karibu tundu zima, yaani umbali wa kutoka tundu moja hadi linalofuata, imesinyaa kama asilimia 1, na mashine ndogo inayovuta kwa kijino itaichana. Hiyo inataka skana ya maabara inayosukuma filamu kwa rola tu.

Mwambao_Tanga

Nimepima. Zimeachana zaidi ya nusu tundu. Siithubutu.

Leicester_Mswahili

Basi mwambie binamu asiiposti, aje nayo mkononi. Zipo maabara zinazokubali mteja akae pembeni kazi ikifanyika. Nitapiga simu wiki hii nitafute ambayo mwendesha mashine ni mwanamke, na mke wangu atakaa naye mwanzo mpaka mwisho. Faili ikitoka waombe waifute kwenye kompyuta zao mbele yao, na mwandikiwe hivyo. Nitumie ujumbe wa faragha tupange tarehe.