Forester ya tabo imeshuka kutoka km 9 kwa lita mpaka 6 baada ya kuifanyia mambo, kipi kinakula mafuta?

MbeziYaKimara:
Wakuu habari za mchana. Nina Subaru Forester SG5 ya tabo (turbo, ile inayosukumia injini hewa ya ziada), injini EJ20, otomatiki, nakaa nayo mwaka wa tatu huu. Ilikuwa inanipa km 9 kwa lita ukichanganya mjini na safari na nilikuwa nimeridhika maana tabo ni tabo. Sasa tangu mwezi wa tatu nimekuwa naifanyia vitu kidogo kidogo, nimetoa boksi la filta nikaweka filta ya koni, nimetoa masega (kile kisafisha moshi cha kwenye egzosi) nikaweka bomba kubwa la egzosi, nimefunga ile valvu inayopiga pssshh ukiachia mafuta, presha ya tabo imepandishwa kidogo, halafu rimu za 18 na tairi 225/55, zamani zilikuwa 16 na tairi 215/60. Aliyeniuzia filta alinihakikishia kabisa kwamba injini ikivuta hewa vizuri inakula kidogo, ndio maana sikuwa na wasiwasi.

Nguvu imeongezeka, hilo sikatai. Ila wiki iliyopita nimejaza lita 40 nikatembea km 248 tu nikawa sheli tena. Hiyo ni 6.2 kwa lita wakuu! Mimi natoka Mbezi kwenda Posta na kurudi kila siku, mafuta yanamaliza mshahara na mke wangu ameshaanza kuuliza hesabu. Nataka kujua kati ya vyote hivi kipi hasa kinakula, maana kuvitoa vyote siwezi, nimeshagharamika.

Babu_Kerege:
Pole mdogo wangu. Nguvu na mafuta ni ndugu, ukimwita mmoja mwingine anakuja. Rudisha gari ilivyotoka Japani utalala usingizi.

FunguoKumi:
Mkuu usirudishe kila kitu, tuliza kichwa kwanza. Mimi nimekaa na hizi Subaru gereji miaka mingi. Babu yuko sahihi lakini nusu. Gari kama hiyo ikiwa 80 kwenye lami tambarare inahitaji kama farasi 20 tu kuisukuma, haijalishi injini inaweza kutoa 220 au 300. Hapo tabo haisukumi kitu na kontroboksi (kompyuta ya injini) inachanganya hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu 1, kwa uzito. Ukikanyaga mpaka tabo ianze kujaza ndio inabadilisha, inashuka kwenye 11 au 12 kwa 1, yani mafuta yanamwagwa mengi makusudi ili kupoza chumba cha moto pistoni zisipasuke. Kwa hiyo ukipandisha presha halafu ukaendesha kistaarabu haipaswi kukushusha kutoka 9 hadi 6. Foleni ya Kimara hakuna pa kukanyagia hivyo.

Filta, huyo aliyekuuzia alikudanganya kwa injini hizi za sindano (kompyuta ndiyo inapulizia petroli, siyo kabureta). Kule Marekani maabara ya Oak Ridge walipima mwaka 2009, wakaziba sana filta za magari ya kisasa, wakakuta ulaji wa mafuta karibu uko vilevile, kilichopungua ni mchomoko, kwa sababu kontroboksi inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta ya kiasi hicho hicho. Sasa kama filta chafu haiongezi ulaji, filta ya koni itapunguza nini? Na hiyo koni yako bila boksi inavuta hewa ya moto ya kwenye boneti.

Mimi jicho langu liko kwenye hiyo valvu ya pssshh. Subaru inapima hewa mwanzoni kabisa, pale baada ya filta kuna sensa yenye kiwaya cha moto. Hewa ikishapita pale kontroboksi imeshaihesabu na mafuta yake imeshayapanga. Valvu ya kiwandani ukiachia mafuta inairudisha ile hewa ndani ya bomba izunguke, yako inaitupa nje. Kwa hiyo kila unapoachia, injini inapewa mafuta ya hewa ambayo haipo. Wewe wa foleni unaachia mara ngapi toka Mbezi mpaka Ubungo? Fungua plagi moja uangalie, na upitishe kidole ndani ya bomba la egzosi. Halafu nijibu maswali matatu, alikufungia nani hilo bomba na kuna mlio wa tsk tsk tsk asubuhi injini ikiwa ya baridi? Na themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo?

NakuruBoxer:
Niaje wadau, mimi niko Nakuru na niko na Impreza ya tabo pia. Huyo amesema ukweli kuhusu hiyo valvu, yangu ilikuwa inatoa moshi mweusi kila nikibadilisha gia, nikarudisha ya kampuni ikaisha. Lakini hakuna mtu ameongea juu ya tairi! Piga hesabu, 215/60R16 kipenyo chake ni kama milimita 664, 225/55R18 ni kama 705. Hiyo ni asilimia 6 kubwa zaidi. Dashibodi inahesabu mizunguko tu, haijui tairi imekuwa kubwa, kwa hivyo ikikuambia umeenda 248 wewe umeenda 263. Ile 6.2 yako ni kama 6.6. Bado ni mbaya, lakini usilaumu injini kwa kilomita ambazo umetembea na hazikuandikwa.

Rimu zenyewe pia ni nzito, kila ukisimama na kuondoka unalipa kuizungusha upya. Barabara kubwa hausikii sana, mjini unasikia.

MbeziYaKimara:
Asanteni sana, nimefanya kama mlivyosema. Plagi nyeusi ti, masizi makavu, ukigusa yanabaki kwenye kidole kama unga wa mkaa. Mlio wa tsk tsk upo kaka FunguoKumi, nilidhani ni kawaida ya bomba jipya, unaisha injini ikipata moto. Themostati ilitolewa mwaka jana, gari ilichemsha kwenye foleni fundi akasema huku kwetu joto kali haina kazi.

FunguoKumi:
Aisee. Hiyo ya themostati inaniuma kila nikiisikia maana ni magari mengi mno mjini hapa yanatembea hivyo. Joto la Dar ni 32, injini inataka 80 na kitu mpaka 90, wapi na wapi? Bila themostati maji yanazunguka muda wote, ukitoka Kibaha upepo unapiga rejeta injini inabaki 60 na kitu, kontroboksi inaona bado asubuhi haijapata moto inaendelea kuongeza mafuta kama ndio umewasha, na gia otomatiki nayo inaweza kuchelewa kujifunga moja kwa moja na injini kwa sababu hiyo hiyo. Oili inabaki nzito. Kilichochemsha gari yako mwaka jana siyo themostati, angalia feni, mfuniko wa rejeta na rejeta kuziba. Nunua ile ya kampuni, hizi za bei rahisi kwenye EJ20 zinasumbua, ni ndogo spring yake.

Tsk tsk ni kiungo kinavuja. Egzosi inapiga kwa mapigo, kati ya pigo na pigo inanyonya hewa safi kwenye ule upenyo, sensa ya oksijeni inaona hewa nyingi, inaripoti mafuta hayatoshi, yanaongezwa. Gasketi tu hiyo. Kama una simu chukua kile kiskana kidogo cha bluutuu uchomeke chini ya usukani usome joto la maji na yale marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yani asilimia ambayo kontroboksi inaongeza au kupunguza. Yakiwa juu ya asilimia 10 chanya kuna kitu kinaidanganya.

KitongaMwanzo:
Niongezee kwa wenye dizeli maana najua wapo wanasoma. Hilux yangu yenye injini ya dizeli 1KD niliifanyia programu mpya ya kontroboksi. Dizeli ni tofauti, muda wote ina hewa ya ziada, na nguvu ilipanda chini kabisa kwenye mizunguko midogo, kwa hiyo mlima wa Kitonga nikiwa na mzigo napanda gia ya juu zaidi ya zamani na mafuta yamepungua kidogo, kidogo kweli siyo muujiza. Ila wa kwanza aliyenifanyia alinipa moshi mweusi nyuma mpaka watu wanafunga vioo, ule moshi ni mafuta yangu ambayo hayajaungua. Nikamrudishia akapunguza.

MbeziYaKimara:
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Themostati ya kampuni imerudi, gasketi ya bomba imebadilishwa, ile valvu ya kelele nimetoa nimerudisha ya zamani (nilikuwa nimeitunza kwenye mfuko wa rambo namshukuru Mungu), plagi mpya, kiungo cha feni moja kilikuwa kimeungua ndio iliyokuwa inachemsha. Kiskana kilionyesha maji 63 kabla, sasa 86 muda wote. Yale marekebisho ya mafuta yalikuwa chanya 14 sasa ni 3. Filta ya koni, bomba na presha sijagusa.

Nimejaza pampu ile ile, nikaacha inapokata yenyewe mara ya kwanza, nikatembea km 289 nikajaza tena zikaingia lita 38. Ni 7.6, nikiongeza asilimia 6 za tairi ni kama 8. Njia ni ile ile ya kazini na foleni ile ile.

FunguoKumi:
Safi sana mkuu, hiyo iliyobaki nusu ni rimu na nusu ni mguu. Kwenye presha nakuomba kitu kimoja, ishushe mpaka upate mtu wa kuisoma vizuri wakati gari inakanyagwa. Hizi zimepangwa Japani kwa petroli ya oktani 100 na ya kwetu iko chini ya hapo, ikianza kugonga (petroli kulipuka yenyewe kabla ya wakati) kontroboksi inachelewesha cheche ya plagi, unapoteza nguvu na mafuta vyote kwa pamoja na siku moja pistoni inaondoka. Na boksi la filta kama bado lipo nyumbani, lirudishe tu, haligharimu kitu.

MbeziYaKimara:
Boksi lipo kaka. Jumamosi nalifunga.