Tupeane uzoefu: umeambiwa mshipa mkuu wa damu umetanuka, unaishije?

Fundi Mbagala
Wakuu, nilienda kupigwa altrasaundi ya figo tu. Mpimaji akanyamaza, akarudisha kile kifaa juu ya kitovu, akapima tena. Mshipa mkuu wa damu tumboni, sentimita 4.2. Kawaida ni kama 2, ukifika 3 unahesabiwa umetanuka. Siumwi popote. Daktari kasema upasuaji bado, kwa wanaume huwa wanafikiria ukikaribia 5.5. Nipime kila mwaka, niachane na sigara kabisa, presha isipande. Tangu siku hiyo naogopa hata kukohoa, usije ukapasuka. Mliopitia hili mnafanya kazi? Mnalala?

Bibi Raskazone
Pole sana mwanangu. Wangu uko kifuani, karibu na moyo. Miezi ya mwanzo ndiyo ilikuwa mibaya kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikuwa nalala nimeegemea ukuta, nasikiliza mapigo. Mjukuu akinikimbilia namsukuma, mtoto analia hajui kakosa nini. Mashine ya presha nilikuwa nayo kitandani. Napima, iko juu, naogopa, napima tena, imezidi. Usiku mmoja nikawaamsha wanangu wote niwaage. Daktari wangu ndiye aliyenituliza: pima asubuhi na jioni, andika kwenye daftari, mashine irudi kabatini. Tembea, ila usitembee mpaka ukashindwa kuongea. Sasa hivi kila alfajiri natembea kando ya bahari na jirani yangu, tunasimuliana mpaka tunarudi. Mjukuu nampakata nikiwa nimekaa.

Kijana wa Ilala
Hapo kwenye mashine ya presha umesema kweli tupu, bibi.

Chuma Doria
Mkuu, usikae kinyonge. Nyanyua vyuma, mwili ukiwa imara na mshipa unakuwa imara.

Nesi Mstaafu
Chuma Doria, usimpoteze mwenzio. Ukinyanyua mzigo mzito umebana pumzi, presha inaruka papo hapo, na hilo ndilo asilolitaka. Kutembea, baiskeli ya taratibu, sawa.

Chuma Doria
Kwa hiyo akae kwenye kiti mpaka afe?

Nesi Mstaafu
Nimeandika "kutembea". Soma.

Mti Dawa
Kitunguu saumu na mdalasini, asubuhi kabla hujala kitu. Mshipa unarudi wenyewe.

Nesi Mstaafu
Haurudi. Kitunguu tia kwenye mboga, vidonge vya presha meza kila siku.

Mwana Kolomije
Uzi huu umenikumbusha baba mdogo. Alikuwa mvutaji, hajawahi kupimwa. Alfajiri akashikwa na maumivu ya tumbo yanayochoma mpaka mgongoni, ghafla, jasho la baridi likamtoka, akaanguka chooni. Zahanati wakasema mawe ya figo, wakamchoma sindano ya maumivu. Tulipopata gari la kumpeleka mjini alikuwa haongei. Tulifika na maiti.

Kijana wa Ilala
Dah. Alikuwa na miaka mingapi?

Mama Wawili
Poleni. Mlijuaje kuwa ni mshipa?

Bibi Raskazone
Jamani, mwenye uzi kaja kutafuta utulivu, mnamletea msiba!

Mwana Kolomije
Bibi, simtishi. Nataka ajue: maumivu ya namna ile yakimjia asisubiri kupambazuke, na akifika hospitali aanze kwa kusema "nina mshipa mkuu uliotanuka". Baba mdogo hakuwa na la kusema.

Mwalimu wa Fizikia
Einstein naye alikuwa nao tumboni. Mwaka 1948 alifanyiwa upasuaji, mshipa ukazungushiwa selofeni, ile karatasi nyembamba kama plastiki, akaendelea na hesabu zake mpaka ulipopasuka Aprili 1955. Tiba ya sasa iko mbali sana na ile.

Kijana wa Ilala
Na alikuwa mtu wa kiko. Fundi, sigara hiyo!

Mama Wawili
Mimi nakaza mawili. Ndugu zako wa tumbo moja wakapimwe, maana hutembea kwenye familia. Halafu ukiandikiwa sipro, ile antibayotiki, mwambie daktari kwanza una tatizo gani. Wamarekani walitoa tahadhari rasmi mwaka 2018 kuhusu dawa za kundi hilo na mshipa huu.

Fundi Mbagala
Asanteni sana, nimesoma yote. Kaka yangu anapimwa wiki ijayo. Kazini nimeongea na msimamizi: saruji na zege wabebe vijana, mimi nibaki na timazi na kupanga tofali.

Nesi Mstaafu
Tofali la inchi 6 nalo ni zito, Fundi. Muulize daktari wako kilo ngapi zinakufaa, usikisie.