Mnaosema "chukua tu kupe ya dizeli, inakimbia na haili mafuta" mnatuumiza

Wakuu mtanisamehe uzi ni mrefu na nina hasira, ila nimechoka kusoma kila siku mtu anauliza "nataka kupe, gari ya milango miwili, iwe na moto lakini isinimalize kwenye mafuta" alafu dakika mbili hazijapita wadau kumi wameshamjibu CHUKUA DIZELI, hakuna hata mmoja aliyemuuliza ndugu yangu hiyo gari unaenda nayo wapi, safari yako moja ni kilometa ngapi, injini itapata muda wa kuchemka vizuri au utakuwa unaizima ikiwa bado vuguvugu. Swali moja tu hilo. Mi hakuna aliyeniuliza, na limenimalizia akiba yangu yote.

Gari yenyewe sitaji ni ya kampuni gani na aliyeniuzia simtaji, maana hata nikitaja kesho kuna mwingine anafanya hivohivo na gari nyingine. Ni kupe, dizeli ya lita 2, gia sita za mkono, imetembea lakini bodi safi. Nilisoma kila kitu kabla ya kununua, hosipawa naijua, torki (nguvu ya kuvuta) naijua, sekunde za kufika 100 nimekariri, na karatasi za kampuni zinasema lita 5 na pointi kwa kilometa 100. Nikasema hapa ndo penyewe, nguvu ipo na mafuta haili.

Siku ya kwenda kuiona nikakuta jamaa ameshaiwasha, inanguruma taratibu, boneti ya moto. Nikaona mstaarabu huyu, kaniandalia gari. Saivi nikikumbuka naumia. Dizeli iliyochoka ikishapata moto inaficha karibu kila kitu, ukweli wake unausikia zile sekunde za kwanza ikiwa imelala usiku kucha: kama plagi za kupasha zimekufa inagoma au inatetemeka, injekta (inayopuliza mafuta kwenye silinda) ikiwa inavuja inagonga na kutoa moshi, cheni ya taimingi (inayofungua vali za injini kwa wakati wake) ikilegea inalia kama mnyororo wa baiskeli. Yote hayo mi sikuyasikia kwa sababu kuna mtu aliyasikia yeye mwenyewe saa moja kabla sijafika.

Sasa matumizi yangu. Kilometa 6 kwenda kazini, kilometa 6 kurudi, foleni juu. Wiki nzima hivo. Na hapa ndo naomba wanaoshauri watu wasome taratibu. Dizeli za kisasa, za Ulaya hasa kuanzia kiwango cha moshi cha Euro 5 cha mwaka 2009, zina chujio la masizi kwenye ekzosi, hiyo DPF. Masizi yanakusanyika humo, yakifika kiwango fulani gari lazima iyachome, na kuyachoma inahitaji joto la karibu nyuzi 600 kwa dakika kumi mpaka ishirini za kutembea bila kukatishwa. Ili ipate hilo joto inamwaga dizeli ya ziada kwenye silinda kwa kuchelewa, ili iende kuwakia huko kwenye ekzosi. Ukizima gari katikati ya hiyo shughuli, kuchoma hakujaisha, kesho inaanza upya, kesho kutwa inaanza upya, na kila ikianza inatumia dizeli ambayo haikusogezi hata mita moja. Yaani ndo maana mi nilikuwa napata lita 9 kwa gari ya "lita 5".

Na sio mafuta tu. Sehemu ya ile dizeli inalamba kuta za silinda inashuka kwenye oili. Nilikuwa navuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) naona oili iko palepale, wiki kadhaa mbele naona hata imepanda, nikafurahi kweli, nikasema gari haili oili hii. Kumbe oili inachanganyika na dizeli, inakuwa nyepesi kama maji, na hiyohiyo ndo inayolainisha tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Oili kupanda kwenye dizeli yenye DPF ni kengele ya hatari, wala hakuna tangazo la kuuza gari nililowahi kuona limeandika hivyo.

Tabo ikaanza kupiga filimbi, nguvu zikakata, gari ikajifunga haitaki kuvuka mizunguko 3,000. Nikaipeleka kwa fundi, na huyu fundi namheshimu mpaka leo kwa sababu hakukimbilia kufungua kitu, alichomeka mashine akaanza kusoma namba. Kompyuta ya gari inahifadhi umbali uliotembea tangu makosa yafutwe kwa mara ya mwisho. Akanisomea, nikachukua odomita ya sasa nikatoa odomita niliyoandika siku ya kununua, nikalinganisha na ile namba. Tofauti ilikuwa kilometa 11. Wakuu, KILOMETA KUMI NA MOJA. Jamaa alifuta makosa, akatembea kilometa 11 taa isiwahi kurudi, akanipa funguo na kunitakia heri. Na chujio lilikuwa limeshajaa kabla yangu, maana kilichojaa sio masizi tu ni majivu, majivu hayachomeki, yanatoka kwa kulifungua na kuliosha au kuweka lingine. Mi na kilometa zangu 6 nilimalizia tu.

Kwa hiyo nina hasira na muuzaji, ndio, lakini hasira kubwa zaidi ni kwa ushauri uliyonifikisha kwake. Maana hata kama angeniuzia gari nzima kabisa, kwa matumizi yangu ningeiua mwenyewe ndani ya mwaka. Mtu wa safari fupi za mjini anayetaka kupe achukue petroli ya tabo ndogo, kwenye karatasi itakula zaidi, kwenye maisha yake itakula sawa au pungufu na haitamletea haya mambo. Kupe ya dizeli ni ya mtu wa barabara ndefu, anayekaa kwenye mwendo nusu saa na zaidi mara kadhaa kwa wiki. Huyo kweli atafaidi, na atafaidi kuliko petroli yoyote ya nguvu ileile.

Alafu hizo lita 5 mnazobandika kila uzi! Gari karibu zote tunazoziongelea hapa zilipimwa kwa kipimo cha zamani cha NEDC, ni dakika kama 20 kwenye roli za maabara, kilometa 11 tu, wastani wa mwendo kama kilometa 34 kwa saa. Hakuna anayeendesha kupe hivo. Ulaya wenyewe walianza kuachana nacho Septemba 2017 wakaleta kipimo kipya cha WLTP kwa sababu namba zilikuwa zimeachana na barabara. Bado mtu ananiambia "kampuni imesema". Na mwezi huohuo wa Septemba mwaka 2015 dunia nzima ilishaona Volkswagen wanakiri programu ya kudanganya kipimo cha moshi kwenye dizeli karibu milioni 11, kwa hiyo namba za maabara za dizeli za miaka ile mi nazisoma kwa tahadhari zote.

Kwa wale ambao matumizi yao kweli ni ya dizeli, haya ndo ningependa mtu aniambie kabla.

Usichague kwa hosipawa wala sekunde za kufika 100. Raha ya dizeli ipo kwenye torki, pale upo 80 unataka kupita lori na hutaki kushusha gia, nguvu inakuja kuanzia mizunguko kama 1,750 na ikifika 4,500 habari imeisha. Ukitaka injini inayolia mpaka 7,000 utachukia dizeli hata iwe na tabo mbili. Angalia torki ukilinganisha na uzito. Audi TT ya TDI (dizeli) ya 2008 ina hosipawa 170 na torki ya Nm 350 tu, lakini ni nyepesi, ndo maana inaenda. Alfa Romeo Brera ya dizeli ya lita 2.4 ina hosipawa 200 na Nm 400, kwenye karatasi inaishinda, ila ni gari nzito, ukiiendesha unauhisi ule uzito kila kona. BMW 123d kupe ilitoa hosipawa 204 kwenye lita 2 kwa tabo mbili, kwangu ndo iliyokaribia zaidi kile watu wanachokitafuta, ni ndogo, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye barabara ndefu haili.

Lakini hizo BMW za 123d na 320d za miaka ile zinatumia injini ya N47, na kila anayezijua anajua habari ya cheni ya taimingi: iko nyuma ya injini upande wa giaboksi, huwezi kuibadilisha bila kushusha vitu vikubwa, na ikikatika injini imekwenda. Ukisikia mlio wa kukwaruza unatoka nyuma ya injini upande wa abiria walipo, ondoka. Sio ombea punguzo, ondoka. Ndo maana mi siku hizi ningepanda juu moja, silinda sita, BMW 330d ya lita 3 yenye Nm 500 na kitu, au E250 CDI kupe ya Mercedes kama mtu anataka silinda nne, Nm 500 kwenye silinda nne ni kitu kikubwa sana (za mwanzo hizo ulizia kwanza kama injekta zilibadilishwa, maana zilikuwa na tatizo linalojulikana). Watu wanaogopa lita 3 kwa sababu ya mafuta. Barabara ndefu mwendo mmoja silinda sita inafanya kazi bila kujikamua, tofauti na ile ya lita 2 ni ndogo kuliko mnavyodhani, na gari iliyotoka kiwandani na nguvu unayoitaka ni bora mara mia kuliko ndogo iliyolazimishwa.

Maana hilo nalo ni janga lingine, "chukua ndogo alafu piga rimapu", yaani badilisha programu ya kompyuta ya injini ili iongeze nguvu. Nani atalipa flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi? Dizeli inatetemesha sana, ndo maana wameweka flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, torki ukiipandisha ghafla kwenye mizunguko ya chini hiyo na klachi ndo vinaanza kulia. Ukienda kuona gari ya gia za mkono izime ukisikiliza, ikigonga gadagada wakati wa kuzima jua flaiwili imechoka.

Na wale wa "DPF? toa tu, kata, weka bomba tupu". Hawa ndo wananikera kuliko wote. Moshi wa dizeli Shirika la Afya Duniani kupitia idara yake ya utafiti wa saratani liliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Mtoto wako anakaa kiti cha nyuma cha hiyo kupe, wa jirani anapita nyuma ya bomba. Uingereza tangu Februari 2014 gari iliyotoka kiwandani na DPF ikikutwa haina inafeli ukaguzi. Nilipewa huo ushauri na watu watatu tofauti na kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anakushauri kubadilisha waipa. Sikukata. Nimelitoa likaoshwa, tabo imefungwa nyingine, oili mpya ya aina inayotakiwa na DPF, na gari nimempa ndugu yangu ambaye kila siku anatembea zaidi ya kilometa 80 barabara kuu. Kwake inapata lita 5.8. Gari ileile! Injini ileile! Haijawasha taa hata moja tangu aichukue.

Sasa narudi sokoni maana kazi imebadilika, safari zangu saivi ni ndefu, na kupe ya dizeli bado naipenda, hilo halijaisha moyoni. Mwenye silinda sita humu naomba namba sio hadithi: injekta zako kwenye kipimo cha kurudisha mafuta (yale yanayorudi bila kuchomwa) zinasomaje, majivu kwenye DPF yamefika gramu ngapi, na umetembea kiasi gani tangu tabo ifunguliwe. Ukiwa na picha ya skrini ya mashine weka.

Kuna moja nimeiona, nimeongea na mwenyewe leo jioni. Nimemwambia nakuja kesho saa moja asubuhi na naomba sana asiiwashe kabla sijafika. Akanyamaza kidogo, akaniuliza "kwani nikiiwasha kuna shida gani?" Nimemwambia asiiwashe tu. Nikifika cha kwanza naweka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto hata milango sifungui.