Mjadala: Boti za kale za mbio za baharini zifufuliwe zikimbie tena, au zihifadhiwe jinsi zilivyo?

Ndugu zangu, naomba tulijadili suala ambalo limewagawa kwa miaka mingi watu wanaojali historia ya vyombo vya majini huko Uingereza, Italia na Marekani, nalo ni hatima ya boti zilizoshindana katika bahari ya wazi kuanzia miaka ya 1950. Mbio za Miami, Marekani, hadi Nassau, Bahamas, zilianza mwaka 1956, na zile za Cowes hadi Torquay nchini Uingereza zilianzishwa mwaka 1961 na Sir Max Aitken kwa udhamini wa gazeti la Daily Express. Boti za enzi hiyo sasa zimezeeka. Nyingine zimekatwakatwa, nyingine zinaozea nyuma ya karakana, na chache zimeangukia mikononi mwa watu wenye uwezo, ambao huzing'oa mashine za asili, hubadilisha mbao na kuzirudisha majini zikiwa zinang'aa kuliko siku zilipozinduliwa. Wapo wanaosema kwamba huko ndiko kuziokoa. Mimi niko upande unaosema kwamba boti chache zilizogeuza ufundi ziachiwe mwili wake wa asili, hata kama hazitakimbia tena.

Nianze na sababu ya kuung'ang'ania mwili huo. Mwaka 1958, wakati wa mbio za mashua za matanga za Kombe la Amerika huko Newport, Marekani, mfanyabiashara wa boti Dick Bertram aliiona boti ndogo iliyobuniwa na Ray Hunt ikipita kwa kasi katika maji yaliyochafuka. Akaagiza ya mbao, yenye urefu wa takriban futi 30, akaiita Moppie, na mwaka 1960 akashinda nayo mbio za Miami hadi Nassau kwa muda wa saa nane hivi. Boti iliyofuata, nayo ya mkono wa Hunt, ilifika saa mbili baadaye, na nyingine zote zikafika kesho yake. Siri ilikuwa tumboni. Boti za kasi za wakati ule zilikuwa na tumbo lililochongoka mbele na kulala bapa nyuma, kwa hiyo zilidunda juu ya mawimbi hadi zikawavunja watu mbavu. Ile ya Hunt ilikuwa na umbo la V lenye mwinamo wa nyuzi 24 hivi hadi kwenye tezi, yaani nyuma kabisa, pamoja na vipande vyembamba vilivyopita kwa urefu chini ya tumbo ili kuinyanyua na kuyatupa maji pembeni. Moppie ikatumika kutengenezea kalibu ya faiba, ikazaliwa Bertram 31, na boti za doria na za uokoaji za nchi nyingi hadi leo zinatembelea wazo lile lile. Kwa hiyo tunapozungumzia boti ya namna hii tunazungumzia ushahidi. Mwinamo wenyewe, mahali mbao zilipoongezwa baada ya kupasuka, tundu lililozibwa kwa haraka usiku wa kuamkia mbio: hivyo ndivyo vinavyomweleza mtafiti jinsi watu walivyofikiri na walivyokosea.

Wapinzani wangu husema kwamba kubadilisha mbao ni jambo la kawaida tangu vyombo vilipoanza kuundwa. Kwa jahazi, kweli: fundi hung'oa ubao mmoja uliooza, akapigilia mwingine, akatia kalafati, na jahazi linabaki lile lile. Lakini boti nyingi za mbao za mbio hizo hazikuundwa hivyo. Chukueni Surfury, boti ya futi 36 iliyobuniwa na Sonny Levi mwaka 1965, ambayo mashine zake mbili zilipangwa moja nyuma ya nyingine zikizungusha rafadha moja tu, na ambayo ndugu wawili Charles na Jimmy Gardner walishinda nayo Cowes hadi Torquay mwaka 1967. Ubavu wa boti ya aina hiyo ni tabaka za mbao nyembamba zilizolazwa kimshazari, moja ikikatiza nyingine, zikagandishwa kwa gundi hadi zikawa ganda moja. Hakuna ubao wa kung'oa peke yake. Unyevu ukiingia kati ya tabaka, fundi analazimika kukata hadi afikie mbao ambayo haijaoza, na mara nyingi haifikii mpaka robo ya ubavu imeshageuka vumbi sakafuni. Za faiba zina ugonjwa wake: mihimili ya ndani mara nyingi ni mbao zilizofunikwa na faiba, huoza zikiwa zimejificha, na utajua tu ukigonga kwa nyundo ndogo ukasikia sauti butu. Ukarabati wa kuifanya boti hiyo istahimili mawimbi kwa kasi yake ya zamani hauwezi kuwa mdogo.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ina uzito, na siipuuzi. Wanasema boti iliyosimama juu ya magogo haimfundishi kijana kitu. Ngurumo, harufu ya petroli na mtikisiko wa usukani ndivyo vilivyowafanya watu wakatoa mali na maisha yao. Wanasema pia kwamba mbao zikikaa nje ya maji miaka mingi hukauka na kupasuka, mashine hukwama kwa kutu, na mafundi wanaojua kuziwasha wanakufa bila warithi. Wanapenda kutaja Bluebird K7, ambayo haikuwa boti ya bahari ya wazi, bali ya rekodi za kasi ziwani. Mwendeshaji wake, Donald Campbell, alifia ndani yake katika ziwa la Coniston tarehe 4 Januari 1967. Mwaka 2001 Bill Smith na wenzake wakaiopoa. Mfuko wa umma wa urithi nchini Uingereza ukakataa kugharimia mpango wa kuifufua. Wakaifufua kwa michango ya watu, na Agosti 2018 ikakimbia tena katika Loch Fad, kisiwani Bute, mbele ya umati uliojaa furaha. Furaha ile siibezi. Lakini baada yake ukafuata mgogoro mrefu wa umiliki kati ya Smith, ambaye ni mhandisi, na jumba la makumbusho la Ruskin lililopo Coniston, na boti ilirudi Coniston Machi 2024 tu. Mgogoro huo ulihusu pia nani mwenye haki juu ya vipande vipya vilivyounganishwa na vya zamani, swali ambalo lisingezuka kama mabaki yangehifadhiwa na boti nyingine ikaundwa kwa ajili ya kukimbia.

Hilo ndilo pendekezo langu kwa wanaotaka kusikia ngurumo: jengeni nakala. Vipimo vipo, gundi za leo ni bora, na nakala inaweza kuwekewa kinga ambazo za asili hazikuwa nazo. Mwendeshaji wa boti za mbio Stefano Casiraghi alikufa tarehe 3 Oktoba 1990 karibu na Monaco boti yake ilipopinduka. Didier Pironi na wenzake wawili walikufa mbioni karibu na kisiwa cha Wight tarehe 23 Agosti 1987. Kumkalisha mtu katika chombo kikongwe kisicho na paa wala mikanda, halafu kumwambia akimbie kama zamani, si kuienzi historia.

Kinachonisumbua zaidi ni sheria. Uingereza ina daftari la taifa la vyombo vya kihistoria, linalopokea chombo chenye umri wa miaka 50 na urefu unaozidi futi 33, yaani mita 10 hivi. Surfury inafikia urefu huo. Boti ya saizi ya Moppie haifikii, na hupelekwa kwenye daftari la vyombo vidogo linalotunzwa na jumba la makumbusho la Falmouth. Lakini hata kilichoandikishwa hakina ulinzi wa kisheria. Nyumba ya kale iliyoorodheshwa huwezi kuibomoa ukuta bila kibali. Boti ya kale unaweza kuitia msumeno kesho asubuhi.

Wengine husema kwamba baadhi ya boti hizi hazistahili heshima yoyote, kwa kuwa Don Aronow, mwanzilishi wa kampuni za boti za Donzi, Magnum na Cigarette, aliwauzia pia wasafirishaji wa dawa za kulevya, na aliuawa kwa risasi huko Miami tarehe 3 Februari 1987. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuzitunza bila kuzipaka rangi. Vificho vilivyotengenezwa ndani ya boti ni historia sawa na vikombe.

Hatuwezi kuzihifadhi zote, na faiba isiyo na mwenyewe ni taka ngumu kuiondoa. Basi mwenye boti asilazimishwe kuitunza milele, bali kabla ya kuikata au kuibadilisha aruhusu ipimwe na kupigwa picha ndani na nje, na vinavyong'olewa viandikwe vilitoka wapi na vihifadhiwe. Kwa upande wake, serikali imlipie banda lenye hewa kavu, ambalo gharama yake ni ndogo mno kuliko ya mashine mbili mpya.