Tupeane uzoefu: Al Capone, bosi wa genge la Chicago, alipandaje, na ni karatasi zipi zilizomwangusha?

Wakuu, bunduki za Chicago zimesimuliwa sana, madaftari hayasimuliwi. Wenye kujua hesabu, kodi na kesi za namna hii, shusheni nondo.

#2
Kupanda kwake ni kwepesi kueleza. Januari 1920 pombe ikapigwa marufuku Marekani nzima. Wanywaji wakabaki, wauzaji halali wakafunga. Mkubwa wa genge, Johnny Torrio, alimtoa Capone Brooklyn, New York, akamfundisha kazi Chicago. Mwaka 1924 genge likatisha wapiga kura wa Cicero, mji wa jirani, likapata ngome. Januari 1925 Torrio akapigwa risasi, akapona, akamwachia biashara yote kijana wa miaka 26.

#3
Mauaji hayakumfunga kwa sababu shahidi wa mauaji hutishika. Februari 14, 1929 watu 7 walimiminiwa risasi ndani ya gereji, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa hilo. Mlango wa kumbana kwa kodi ulifunguka 1927, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kuwa hata pato la haramu hutozwa kodi.

Shida: Capone hakuweka mali kwa jina lake, wala hakutia saini popote. Mpelelezi wa kodi Frank Wilson akarudi kwenye daftari la nyumba ya kamari ya Cicero, lililokamatwa 1926 na kusahauliwa. Daftari peke yake halithibitishi kitu, lazima apatikane aliyeliandika. Wakalinganisha mwandiko hadi wakamfikia keshia Leslie Shumway, wakamkuta Miami. Keshia mwingine, Fred Ries, akaeleza jinsi faida ilivyogeuzwa hundi za benki kwa jina la bandia.

#4
Naongezea upande wa matumizi, maana ndio wenye utamu. Chukua mali ya mwisho wa mwaka, toa ya mwanzo wa mwaka, jumlisha matumizi, kisha toa pato lililotangazwa. Kinachobaki kinadai maelezo. Hesabu hii huharibika pale mwanzo: usipothibitisha alianza mwaka na kiasi gani, atasema anakula akiba ya zamani. Na kuthibitisha matumizi ya Capone, waliita hadi washona suti na wauza samani kutoa ushahidi.

#5
Mkuu #4, usiisahau barua. Mwaka 1930 wakili wa Capone, akitafuta suluhu na watu wa kodi, aliandika kwamba pato la mteja lilikuwa dola 26,000 mwaka 1926 na dola 40,000 mwaka 1927. Suluhu haikupatikana, barua ikasomwa mahakamani. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: pato ambalo serikali ilihangaika kulithibitisha, upande wake wenyewe ukalikiri kwa maandishi.

#6
Na hongo nayo ilishindwa. Genge lilikuwa limeshawafikia raia walioorodheshwa kuamua kesi. Jaji wa kesi, Wilkerson, akabadilishana orodha nzima na ya jaji mwenzake asubuhi ileile. Oktoba 1931: hatia kwenye makosa 5 ya kodi, miaka 11 jela, faini dola 50,000.