Riwaya ya mfululizo kwa barua pepe: Substack, Ghost, Kit au tubaki WhatsApp?

MtunziPangani:
Wakuu, salaam. Riwaya yangu ya upelelezi imekamilika, ina sura 32. Nataka kuitoa sura moja kila Ijumaa jioni, imfikie msomaji kwenye barua pepe yake. Humu jukwaani mwendelezo unazama katikati ya "lete mwendelezo mkuu", na anayeingia leo hajui sehemu ya kwanza iko ukurasa gani. Nawaza sura kumi za mwanzo ziwe bure, zilizobaki zilipiwe. Wasomaji wangu wengi wako Tanzania na Kenya. Wana pesa kwenye simu, kadi ya benki hawana. Mliopita njia hii, nianzie wapi?

Kalamu_Nairobi:
Karibu sana ndugu. Substack, huduma ya kuwatumia wasomaji maandishi yako kwa barua pepe, ndiyo nyepesi kuanza. Hulipi chochote hadi utakapoanza kutoza, hapo inakata asilimia 10 pamoja na ada za Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi mtandaoni. Riwaya unaweza kuitengea sehemu yake, ili anayetaka makala zako nyingine tu asitumiwe sura. Orodha ya anwani ni yako, unaipakua na kuhama nayo siku yoyote.

Kikwazo ni malipo. Substack hupitisha fedha zote Stripe, na Stripe haimfungulii akaunti mtu aliyeko Kenya au Tanzania. Paystack, ambayo Stripe iliinunua mwaka 2020, ipo Kenya na inapokea M-Pesa, lakini huwezi kuiunganisha na Substack. Kwa hiyo kwako wewe Substack ni ya kutolea bure.

BintiSur_Muscat:
Naongea kama msomaji. Nilijiandikisha kwenye hadithi moja nzuri, barua ya kwanza kunifikia ikawa katikati ya kisa, watu wanazika mtu nisiyemjua. Ya mwanzo yalikuwepo kwenye tovuti, lakini kutafuta sura moja moja kwa simu usiku baada ya kazi kulinichosha, nikaacha. Kaka Mtunzi, kabla ya kuuliza bei, uliza msomaji mpya ataanzia sura gani.

FundiSeva:
Dada amegusa penyewe. Kuna namna mbili za kutuma. Ya kwanza, unatuma leo na wote wanapokea leo; Substack imejengwa hivyo. Ya pili, unapakia sura zote mapema, kisha kila anayejiandikisha anaanza na sura ya kwanza, wiki inayofuata ya pili, hata kama wenzake wako ya ishirini. Kit (zamani ConvertKit) inafanya hili vizuri, na mwaka 2024 waliupanua mpango wa bure hadi watu 10,000. Ila mpango huo una mfululizo mmoja tu wa barua zinazojituma zenyewe. Ukitaka wa pili kwa ajili ya waliolipa, lazima ulipie. Kwa kuwa riwaya yako imekwisha kuandikwa, mimi ningekwenda Kit bila kusita. Anayeandika huku anatoa hana sura za kupakia mapema, huyo abaki Substack.

Ghost, jukwaa jingine la kutolea maandishi kwa tovuti na barua pepe, naipenda kwa sababu programu yenyewe ni huria na haikati asilimia yoyote ya mapato yako. Lakini ukiiweka kwenye seva yako, barua za jumla utahitaji kuzipitisha Mailgun, huduma ya kusafirisha barua pepe nyingi kwa pamoja, na malipo yake nayo yameegemea Stripe. Kwa mtunzi asiye na fundi karibu, ni mzigo.

Mambo mawili ya Gmail, maana wengi watasomea huko. Barua ikizidi KB 102, Gmail inaikata na kuweka kiungo cha kusoma iliyobaki. Maneno 2,000 peke yake hayafiki huko. Shida inaletwa na kubandika kutoka Word na mapambo yake yote, kwa hiyo bandika maandishi matupu. Pili, tangu Februari 2024 Google wamekaza masharti ya utambulisho wa mtumaji. Nunua kikoa chako (jina lako la mtandaoni, linalokaa baada ya @), usitume barua za jumla kwa anwani ya gmail.com, utaishia kwenye taka.

MamaRiwaya_Arusha:
Jamani, mnasahau kuwa wasomaji wetu wengi barua pepe waliifungua ili wapate Play Store, hawajairudia. Mimi nauza WhatsApp. Mtu analipa kwa Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya simu), ananitumia ujumbe, namwingiza kwenye kundi. Kundi linachukua watu 1,024, inanitosha. Chaneli za WhatsApp zilizoanza 2023 zinabeba wengi zaidi, lakini namba za simu za wafuasi huzioni, hivyo huwezi kuhama nao. Ubaya ni wizi. Sura ikitoka saa mbili, saa tatu iko Facebook bila jina langu. Inaumiza, na sijaona dawa yake.

MtunziPangani:
Mama, nashukuru. Je, inawezekana kuchanganya? Barua pepe ya Kit, malipo ya Lipa Namba?

Kalamu_Nairobi:
Inawezekana. Mwisho wa sura ya kumi weka namba ya kulipia. Akishalipa, mbandike lebo ya "amelipa" kwenye Kit, naye anaingia mfululizo wa pili. Ni kazi ya mkono, ila kwa wasomaji mia mbili tatu unaimudu. Na usitoze kwa mwezi. Kwa Lipa Namba kila malipo msomaji anayafanya mwenyewe, kwa hiyo kila mwezi utakuwa unadai upya, na kila ukidai unapoteza watu. Toza mara moja kwa riwaya nzima.

Kiungo cha kujiandikisha kisambaze WhatsApp, hapo nakubaliana na Mama kabisa.

MhaririMzee:
Mwanangu, kabla hujabonyeza kutuma, fikiria haki zako. Wachapishaji na tuzo nyingi huhesabu kazi iliyotolewa hivi kuwa imeshachapishwa, hata kama ilisomwa na watu hamsini. Kama una nia ya kuipeleka kwenye tuzo ya miswada, soma masharti yake na upeleke kwanza, mfululizo usubiri matokeo. Na ukiwa na mpango wa kuiweka KDP Select, mpango wa Amazon kwa vitabu vya kidijitali, kumbuka wanadai nakala ya kidijitali isipatikane kwingine kwa siku 90, hivyo sura zilizoko kwenye tovuti itabidi uzishushe. Kwa upande wa Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja, tafuta toleo la sasa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usome nani anadaiwa leseni. Hayo ukiyamaliza, niandikishe. Nitalipia tangu sura ya kwanza.