Mahakama ilikataa, Bunge likaruhusu: nani basi huiwajibisha Serikali ya Uingereza?

Mdadisi wa Kigoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wale wanaoifahamu sheria ya Uingereza. Tarehe 15 Novemba 2023, majaji 5 wa Mahakama ya Juu mjini London waliamua kwa kauli moja kwamba mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda haukuwa halali, kwa sababu palikuwa na hatari ya kweli kwamba watu hao wangeweza kurudishwa katika nchi walizozikimbia. Haikupita hata miezi 6, Bunge likapitisha sheria inayomtaka kila mwenye kuamua maombi hayo aichukulie Rwanda kuwa nchi salama, na Mfalme akairidhia tarehe 25 Aprili 2024.

Kwetu Tanzania, kama ilivyo kwa jirani zetu Wakenya, sheria ya Bunge inayokiuka Katiba inaweza kupingwa mahakamani. Waingereza hawana Katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja, na mahakama yao haiwezi kulifuta neno la Bunge. Ikiwa chama chenye wabunge wengi ndicho kinachounda Serikali, na Serikali hiyo hiyo inaweza kuibadili sheria kila inaposhindwa kesini, kazi ya majaji na ya kamati za Bunge ni ipi hasa? Ninaishi katika mkoa uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, na jambo hili linanigusa.

Wakili wa Pwani

Ndugu Mdadisi, nitaanza na mahakama, kwa kuwa ndipo ulipopatilia mkazo. Jaji wa Uingereza hulinganisha tendo la waziri na sheria ambazo Bunge lenyewe limezitunga. Katika kesi ya Rwanda, sheria hizo zilikuwa Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 pamoja na sheria za uhamiaji na hifadhi. Mahakama ilipima ushahidi, ukiwamo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na ule wa makubaliano ya awali kati ya Israeli na Rwanda, ambayo hayakuwalinda vema waliohamishwa. Ikaona kwamba waziri amevuka mipaka ambayo Bunge lilikwisha kumwekea, na uamuzi ukaishia hapo. Bunge likiamua baadaye kuisogeza mipaka hiyo, jaji hana mamlaka ya kulizuia. Anachoweza kufanya chini ya Sheria ya 1998 ni kutamka kwamba sheria mpya haipatani na haki za binadamu, na tamko hilo haliifuti.

Usidhani kwa hiyo kwamba majaji ni dhaifu. Agosti 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia alifunge Bunge kwa takriban majuma 5, majuma machache tu kabla ya tarehe iliyopangwa ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 waliosikiliza shauri hilo walikubaliana kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa ulilizuia Bunge kutimiza wajibu wake bila sababu ya kuridhisha, na kwamba kisheria Bunge halikuwa limefungwa kamwe. Wabunge wakarejea kesho yake. Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja utauona mpango wenyewe: mahakama huilazimisha Serikali kulitii Bunge, lakini kazi ya kuidhibiti Serikali kwa sera zake imeachiwa Bunge. Udhaifu uliouona wewe umo katika Bunge, pale wabunge walio wengi wanapokubali kila kinacholetwa na mawaziri.

Mkaguzi wa Mombasa

Naongeza upande wa fedha, maana hapo ndipo mpango wa Rwanda ulipoanza kubanwa, miezi mingi kabla majaji wa Mahakama ya Juu hawajafungua jalada.

Katika kila wizara ya Uingereza, katibu mkuu ndiye afisa masuuli, naye huwajibika yeye binafsi mbele ya Bunge kwa matumizi ya fedha. Akiona matumizi hayana tija, anaweza kukataa kuyaidhinisha mpaka waziri ampe agizo kwa maandishi. Aprili 2022, katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Matthew Rycroft, alimwandikia waziri wake, Priti Patel, kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa mpango ungewazuia watu kuvuka bahari kwa mashua ndogo kiasi cha kuhalalisha gharama zake. Waziri akatoa agizo. Barua zote mbili zikachapishwa, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kudai kwamba Serikali haikuonywa.

Kisha kamati zikaendelea pale barua zilipoishia. Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoanzishwa 1861 na ambayo kwa desturi huongozwa na mbunge wa upinzani, ilishirikiana na Kamati ya Mambo ya Ndani kudai takwimu ambazo wizara ilikuwa ikizizuia. Desemba 2023 Rycroft akawaandikia wenyeviti wa kamati hizo, Meg Hillier na Diana Johnson, kwamba juu ya pauni milioni 140 zilizokuwa zikijulikana, pauni milioni 100 nyingine zilikuwa zimekwisha kulipwa. Machi 2024 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ikatoa ripoti iliyoeleza malipo yote yaliyoahidiwa. Kwa maoni yangu, kazi hii ya uvumilivu ina uzito kuliko maswali ya kila Jumatano adhuhuri kwa Waziri Mkuu, ambayo watu wengi huyatazama na machache hujibiwa.

Mdadisi wa Kigoma

Nawashukuru nyote. Hata hivyo, mkuu Mkaguzi, maonyo yalitolewa, hesabu zikaanikwa, na mpango ukaendelea. Je, kuna wakati kamati imewahi kumng'oa mtu?

Bi. Somoe

Kaka Mdadisi, zipo nyakati hizo. Aprili 2018, Amber Rudd, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliiambia Kamati ya Mambo ya Ndani kwamba hapakuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini. Siku zilezile nchi ilikuwa imeghadhibika kwa jinsi wahamiaji wa kizazi cha Windrush, waliotoka visiwa vya Karibiani, walivyonyanyaswa ingawa walikuwa na haki kamili ya kuishi Uingereza. Nyaraka zilipoonyesha kwamba malengo hayo yalikuwapo, alijiuzulu mwishoni mwa mwezi huohuo. Kamati haikuwa na uwezo wa kumfukuza. Ilimweka mahali ambapo ilimpasa kujibu, na jibu lake likapimwa.

Juni 2023 Kamati ya Haki na Kinga za Bunge, ambayo wajumbe wake 4 kati ya 7 walitoka katika chama cha Boris Johnson mwenyewe, ilihitimisha kwamba alilipotosha Bunge kwa kusudi kuhusu hafla zilizofanyika katika ofisi za Serikali wakati wa marufuku ya korona. Alijiuzulu ubunge kabla ripoti haijachapishwa, na Bunge la Makabwela, yaani baraza la wabunge waliochaguliwa, likaiunga mkono ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Wakili. Kusema uwongo mbele ya Bunge kuna adhabu. Kutunga sheria isiyo ya haki hakuna. Sheria ya Rwanda ililitaka taifa likubali kama kweli jambo ambalo mahakama ilikuwa imelipima na kulikataa, na hilo naliona kuwa jeraha ambalo kamati haziwezi kulitibu. Baraza la Malodi lilijaribu: Januari 2024 lilipiga kura 214 dhidi ya 171 kutaka mkataba na Rwanda usubiri, kisha likaurudisha muswada mara kadhaa ukiwa na marekebisho. Lakini kwa desturi malodi ambao hawakuchaguliwa na wananchi hatimaye huliachia Bunge la Makabwela neno la mwisho, na ndivyo walivyofanya.

Wakili wa Pwani

Bi. Somoe, nakubali kwamba ni jeraha, na ninadhani chanzo chake ni ratiba. Kanuni za Bunge la Makabwela huipa Serikali kipaumbele katika shughuli za vikao karibu vyote, kwa hiyo waziri ndiye anayeamua muswada wake ujadiliwe kwa muda gani. Muswada wa Rwanda ulipitiwa kifungu kwa kifungu na Bunge zima kwa siku 2 tu. Septemba 2019 wabunge waliwahi kuipokonya Serikali ratiba, wakapitisha sheria ya kumzuia Waziri Mkuu asijitoe Ulaya bila makubaliano. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu Serikali ilikuwa imepoteza wingi wake. Uenyekiti wa kamati ulitolewa mikononi mwa viranja wa vyama, yaani wabunge wanaosimamia nidhamu ya wenzao wa chama kimoja, mwaka 2010, na tangu hapo wabunge wenyewe huwachagua wenyeviti wengi kwa kura ya siri. Mabadiliko ya namna hiyo yangefanyika katika ratiba pia, waziri asingeweza kuharakisha sheria ya kupindua hukumu kabla kamati hazijaisoma.

Na kwa Ndugu Mdadisi: mpango wenyewe ulifutwa na Serikali mpya baada ya uchaguzi wa Julai 2024, na mwezi huohuo waziri mpya, Yvette Cooper, akalieleza Bunge kwamba pauni milioni 700 zilikuwa zimetumika na waliokwenda Rwanda walikuwa watu 4, kwa hiari yao.